Kabla ya kwenda ng'ambo kupunguzwa tumbo

Yapo mambo ambayo miaka 20 iliyopita yasingezungumzwa kabisa katika soko la Kyela mjini, wala katika magari yanayotoka Kasumulu kwenda Mbeya, wala pale Matema wananchi wanapongoja mitumbwi. Mojawapo ni habari ya kupunguzwa tumbo kwa kisu cha daktari. Siku hizi inazungumzwa. Utasikia kwamba mtu fulani wa Dar es Salaam alikwenda India akiwa mnene akarudi mwembamba. Mwingine amewekewa puto tumboni. Mwingine anauliza kiwanja chake kitauzwa kwa bei gani ili apate nauli na gharama ya hospitali. Simu za mkononi zimeleta picha mbili mbili, ya kabla na ya baada, nazo zinashawishi kuliko hotuba yoyote.

Jambo linapoingia katika jamii kwa kasi namna hii, aghalabu watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hucheka. Husema kwamba hayo ni maringo ya wenye fedha, na kwamba anayetaka kupungua ashike jembe. Kundi la pili huliona jambo lenyewe kuwa ni muujiza: mtu hulala mnene, huamka mwembamba, na maradhi yake yote yamekwisha. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamepotoka. Tiba hii ni tiba ya kweli kwa wagonjwa wa kweli. Lakini haifanani na bidhaa ambayo mtu huinunua, akaibeba, akaenda zake. Ni mkataba wa maisha kati ya mgonjwa na hospitali. Na mwananchi wa Kyela anayefikiri kwenda ng'ambo hana budi kuhesabu pamoja na nauli ya kwenda, miaka yote atakayoishi baada ya kurudi.

UNENE SI KICHEKO

Tuanze na hali halisi. Uchunguzi wa taifa juu ya magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 26 ya watu wazima nchini walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na kwamba asilimia 9 hivi walikuwa na kisukari. Uchunguzi mwingine, ule wa hali ya afya na uzazi, ulikuta kwamba mwaka 2010 wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamezidi uzito. Ulipofika mwaka 2015/16 walikuwa 28. Hizi si namba za matajiri wachache wa mjini. Ni namba za mama zetu, dada zetu na wake zetu.

Wataalamu hawapimi unene kwa macho. Huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawa kwa urefu wake wa meta uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa meta 1.60 na uzito wa kilo 60 hupata 23 na kitu, na huyo yumo katika kiasi. Akiwa na kilo 70 hupata 27, naye amezidi. Akiwa na kilo 80 hupata zaidi ya 31, na hapo tayari ni mnene kwa kipimo cha kitabibu. Akivuka kilo 102 hukaribia 40, na huko ndiko kwenye unene uliokithiri, ambako kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, maumivu ya magoti na kukatika pumzi usingizini humwandama mtu kama deni.

Je, mtu hufikaje huko? Si kwa uvivu peke yake. Bonde letu la Kyela limejaliwa mchele unaosifika nchi nzima, ndizi, mihogo na mawese. Babu zetu walivila vyakula hivyo hivyo, lakini aliyevila alikuwa ameshinda shambani tangu alfajiri, kisha akarudi kwa miguu au kwa baiskeli kutoka Ngonga au Ipinda. Mama wa Ikombe aliyeleta vyungu kwa mtumbwi hakuhitaji kuambiwa afanye mazoezi. Leo pikipiki inamchukua mtu mlangoni na kumshusha mlangoni. Kakao imeleta fedha. Mwaka 2024 bei yake katika masoko ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na wakulima wetu nao walionja utamu wake. Fedha ni jambo jema, lakini imekuja pamoja na kreti za soda, chipsi za jioni na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Tena yapo mambo yasiyomtegemea mtu mwenyewe: urithi wa ukoo, kazi ya homoni mwilini, baadhi ya dawa, na ukosefu wa usingizi. Kwa hiyo anayemcheka mtu mnene hucheka asilolijua.

Lipo pia jambo la heshima. Wanyakyusa wana neno ukwangala, maana yake kukaa pamoja kwa furaha, kula na kuzungumza na wenzako. Mgeni asiyekula huonekana ana neno moyoni. Mke aliyenenepa huhesabiwa kuwa sifa ya mumewe, na kitambi cha mtu mzima huhesabiwa kuwa dalili ya neema. Kisha ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza hapa nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ambao uliutesa sana mkoa wetu wa Mbeya. Katika miaka ile kukonda kuligeuka kuwa hukumu. Aliyepungua kilo chache alinong'onezewa nyuma ya mgongo. Hofu hiyo haijakwisha. Na, kama tutakavyoona, inahusika moja kwa moja na habari yetu.

KISU HUFANYA NINI

Tiba hii si ya jana. Madaktari wa Marekani walianza mwaka 1954 kwa kukata njia ya mkato katika utumbo, na wagonjwa wakapungua kweli, lakini wengi walipata madhara makubwa ya ini na mafigo, hata njia hiyo ikaachwa. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianza njia nyingine: kukigawa kifuko cha chakula ili kibaki kidogo, na kukiunganisha na utumbo ulio mbele zaidi. Kutokana na njia hiyo, iliyorekebishwa mara nyingi, ndipo tulipofika leo.

Njia zinazotumika sana sasa ni mbili. Ya kwanza ni kukata na kuondoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya kifuko cha chakula. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi, unaoshika chakula kama nusu ya kikombe cha chai. Kilichokatwa hakirudishwi tena. Ya pili ni ile iliyotokana na kazi ya Mason: hutengwa kifuko kidogo sana, cha kiasi cha vijiko viwili vya mezani, na chakula hupitishwa moja kwa moja kwenye utumbo bila kupita sehemu ya mwanzo. Siku hizi kazi yote hufanywa kwa matundu madogo, mgonjwa akiwa katika nusu kaputi, na aghalabu huondoka hospitali baada ya siku chache.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa hupungua kwa sababu tumbo ni dogo tu. Sivyo. Sehemu ya kifuko inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, iliyogunduliwa na wataalamu wa Japani mwaka 1999. Chakula kinapofika upesi kwenye utumbo, homoni nyingine za shibe huongezeka, na sukari katika damu huanza kushuka hata kabla uzito haujapungua sana. Ndiyo maana wengi wenye kisukari cha ukubwani hupata nafuu kubwa, na baadhi yao huacha dawa kwa miaka. Huko Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia maelfu ya wagonjwa, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Baada ya miaka mingi ilidhihirika kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Basi asiambiwe mtu kwamba haya ni maringo.

Kwa kawaida mgonjwa hupoteza robo hadi theluthi moja hivi ya uzito wake wote katika mwaka mmoja au miwili. Mwenye kilo 120 anaweza kufika 90 au chini kidogo. Ama puto, hilo ni jambo jingine. Huingizwa kwa mdomo bila kukata, hujazwa, hukaa tumboni kwa kawaida miezi sita au mwaka, kisha hutolewa. Hupunguza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito, na lisipofuatwa na mabadiliko ya ulaji, uzito hurudi.

Tiba hii haikuwekwa kwa kila mwenye kitambi. Tangu mwaka 1991 kanuni iliyofuatwa na wengi ilikuwa kwamba apasuliwe mwenye kipimo cha 40 na zaidi, au 35 na zaidi ikiwa tayari ana maradhi kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari hao vililegeza kanuni hiyo, vikasema kwamba 35 inatosha hata bila maradhi mengine, na kwamba mwenye kisukari anaweza kufikiriwa tangu 30. Lakini katika hali zote mtu huyo awe amekwisha kujaribu njia za kawaida chini ya uangalizi, na awe amepimwa mwili na moyo wake pia.

MKATABA WA MAISHA

Sasa tufike mahali ambapo picha za simu hazifiki. Baada ya kupasuliwa, mgonjwa hunywa vitu vya majimaji tu kwa majuma kadhaa, kisha uji laini, ndipo arudi polepole kwenye chakula kigumu. Hutakiwa atafune sana, ale kidogo, aanze na samaki, maharage, mayai au maziwa kabla ya wali. Akila sukari nyingi kwa mara moja, hasa aliyepitishiwa njia ya pili, moyo humwenda mbio, jasho humtoka, na tumbo humkata. Pombe humlewesha upesi kuliko zamani, na wako walionasa katika ulevi baada ya tiba hii ambao hapo awali hawakuwa walevi.

Zaidi ya hayo, mwili huo hauwezi tena kupata vitamini na madini ya kutosha kwa chakula peke yake. Vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D sharti zitumiwe kila siku, maisha yote, na damu ipimwe mara kwa mara. Asiyefanya hivyo hupungukiwa damu, mifupa hudhoofika, na mishipa ya fahamu huweza kuharibika pasipo kurudi. Mwanamke hushauriwa asishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, na huku kupungua uzito kwenyewe humwongezea uwezekano wa kuishika. Wengine hupata vijiwe vya nyongo. Wengine, baada ya miaka, hurudisha sehemu ya uzito.

Hatari ya kufa mezani si kubwa kama watu wanavyodhani. Katika hospitali zilizozoea kazi hii ni kama mtu mmoja kati ya 1,000. Lakini hatari nyingine huja baadaye: damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni, au mshono kuvuja ndani. Uvujaji huo unaweza kuonekana baada ya siku kumi au zaidi, yaani wakati ambapo mgonjwa wa ng'ambo yuko hotelini akingoja ndege, au amekwisha kufika nyumbani kwake.

MAFUNZO YA NG'AMBO

Wapenzi wa kandanda wanamkumbuka Diego Maradona. Mwaka 2005 aliondoka Argentina akaenda Cartagena, nchini Colombia, akapasuliwa tumbo. Alipungua sana, na ulimwengu mzima ukastaajabu. Lakini maradhi yake mengine, yakiwemo ya ulevi, hayakukatwa pamoja na tumbo, na mwaka 2020 akafariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 60. Funzo lake si kwamba tiba ni mbaya. Ni kwamba kisu hukata kifuko cha chakula, na hakifiki penginepo.

Mwaka 2017 mwanamke mmoja wa Misri, aliyekuwa na uzito wa karibu kilo 500, alipelekwa Mumbai kwa ndege iliyoandaliwa maalum. Akapasuliwa, akapungua kwa mamia ya kilo. Kisha familia yake na madaktari wakatofautiana juu ya hali yake, akahamishiwa Abu Dhabi, na mwezi Septemba mwaka huo huo akafariki huko, mbali na kwao. Alikuwa mgonjwa mahututi tangu mwanzo, wala hatuna haki ya kumlaumu yeyote. Lakini tunaona jinsi mgonjwa anavyokuwa mnyonge anapokuwa katikati ya nchi mbili, na asiwepo daktari mmoja mwenye kumjua tangu mwanzo hadi mwisho.

Uturuki nako kumekuwa soko kubwa la tiba hii, na magazeti ya Uingereza yameandika mara nyingi habari za raia wao waliokwenda huko kwa bei nafuu wakarudi na mshono unaovuja, au wasirudi kabisa. Waingereza hao, pamoja na masaibu yao, walirudi kwenye nchi ambayo hospitali yake ya karibu iliweza kuwapokea na kuwashona upya. Sisi tunarudi wapi?

HESABU YA KYELA

Mama mmoja mfanyabiashara wa mchele, mkazi wa wilaya yetu, alikuja ofisini na swali hilo hilo. Ana urefu wa meta 1.60 na kilo 112, yaani kipimo chake ni karibu 44. Anaumwa kisukari, na magoti hayamruhusu kusimama sokoni. Wakala mmoja alimwambia kwamba akilipa fedha yote mapema atapelekwa ng'ambo na kurudishwa akiwa mzima, na kwamba dawa za baadaye si lazima. Wanawe waligawanyika: mmoja alikubali shamba la kakao liuzwe, mwingine alikataa.

"Ndugu Katibu," aliniambia, "mimi sitaki uzuri. Nataka kusimama."

Hilo ni neno la mgonjwa, nalo linastahili jibu la mgonjwa. Nilimwomba amuulize wakala wake maswali matatu. Ni daktari gani atakayempasua, na amefanya kazi hiyo mara ngapi? Barua na maelezo yote ya upasuaji atakabidhiwa nani atakaporudi? Na usiku ule mshono ukivuja, akiwa Kyela, atapiga simu kwa nani? Wakala hakuwa na jibu hata kwa swali moja. Mama yule sasa anahudhuria hospitali Mbeya. Kwanza wanarekebisha kisukari chake na ulaji wake, na suala la upasuaji litaamuliwa na madaktari pamoja naye. Shamba lipo.

Hebu tufanye hesabu waziwazi. Kutoka Kyela hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, ni zaidi ya kilometa 100 za kupanda mlima kupitia Tukuyu. Kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Mgonjwa aliyepunguzwa tumbo hutakiwa aonekane na wataalamu mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Nauli hiyo, vidonge hivyo vya kila siku na vipimo hivyo vya damu viwekwe katika hesabu tangu siku ya kwanza. Bonde letu lina mvua nyingi na malaria. Malaria hula damu, na mtu ambaye mwili wake haunyonyi vizuri madini ya chuma hana akiba ya kupambana nayo. Yakija mafuriko ya masika na maradhi ya kuhara na kutapika, mwenye tumbo la nusu kikombe hawezi kunywa maji mengi kwa haraka kama wewe na mimi. Anaweza kukaukiwa maji upesi mno.

Hapo ndipo ile hofu ya kukonda inaporudi. Mtu akipoteza kilo 35 katika mwaka mmoja, kijiji kitasema. Kwa kuogopa maneno, wengi huficha kwamba wamepasuliwa. Na anayeficha hawezi kwenda kituo cha afya cha Ipinda au hospitali ya Matema akamweleza mganga ukweli. Mganga naye, asiyejua, anaweza kumpa dawa za maumivu ambazo kwa tumbo la namna hiyo huleta vidonda. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi aliyetibiwa aseme kwa mganga, na sisi majirani tufunge midomo yetu.

YALIYOKO NYUMBANI

Si kweli kwamba lazima mtu avuke bahari. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila lililozinduliwa mwaka 2017, imeanzisha katika miaka hii ya 2020 huduma za kupunguza uzito, zikiwemo za puto, na wataalamu wetu wamefanya kazi pamoja na wenzao kutoka India. Profesa Mohamed Janabi, aliyeiongoza Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kwa Kanda ya Afrika, aliwafundisha wananchi kwa miaka kadhaa, kwa maneno mepesi, juu ya sukari, wanga na wakati wa kula. Wako waliomtania, wako pia waliomsikiliza wakapona pasipo kisu.

India ina madaktari hodari, na Taifa letu limepeleka wagonjwa wake huko kwa miaka mingi. Anayekwenda kwa barua ya daktari wa hapa, akiwa na hospitali inayojulikana na mtaalamu wa nyumbani aliyekubali kumpokea arudipo, huyo amefanya busara. Anayekwenda kwa maneno ya wakala na picha za simu anacheza kamari na mwili wake.

Hata hivyo, lazima tuseme jambo moja bila kuzunguka. Kama tiba hii ni ya kweli, na nimeeleza kwamba ni ya kweli, haiwezi kuachwa iwe tiba ya wenye uwezo peke yao. Mkulima wa mpunga mwenye kisukari na kilo 112 ni mgonjwa sawasawa na mkurugenzi mwenye kilo 112. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha usawa wa binadamu, na hospitali ndipo mahali ambapo usawa huo hupimwa kila siku.

WAJIBU WETU

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakachimba vyoo na kufyeka madimbwi. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wakati ule adui alikuwa njaa, malaria na maji machafu. Adui hao bado wapo, lakini sasa wameongezewa mwenzao anayekaa mezani pamoja nasi. Silaha ile ile ya kukaa katika vikundi, kuelezana na kutenda, ingali inafaa.

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja fedha za mtu. Kila zahanati ya wilaya yetu iwe na mizani na kipimo cha urefu kinachotumiwa kwa watu wazima pia, na kila mwananchi ajue namba yake kama anavyojua namba yake ya simu. Hospitali ya Wilaya itenge siku ya ushauri wa ulaji, na iweke daftari la wote waliopasuliwa tumbo, popote walipopasuliwa, ili wapate vidonge na vipimo bila aibu. Sisi wa Chama tuanze na mikutano yetu wenyewe: maji badala ya kreti za soda, samaki wa Nyasa na mboga badala ya sinia za chipsi. Kiongozi hawezi kuhubiri kiasi huku mkono wake uko ndani ya sahani ya tatu.

Tuliopitia chuoni utotoni tulifundishwa kwamba tumbo ligawanywe mafungu matatu: fungu la chakula, fungu la maji, na fungu la pumzi. Wakristo walio wengi katika bonde letu nao wanafundishwa kwamba ulafi ni dhambi. Mafundisho hayo ni kinga kwa aliye mzima, tena ni kinga isiyouzwa. Lakini yasigeuzwe kuwa fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuugua, kwani hatumwambii mwenye malaria kwamba alipaswa kutumia chandarua, tukamfukuza.

Kwa hiyo, ndugu mwananchi unayewaza kupunguzwa tumbo, usione haya na usifanye pupa. Nenda kwanza ukapimwe Kyela, kisha Mbeya. Jaribu njia za kawaida kwa dhati na chini ya uangalizi. Madaktari wakisema kisu kinakufaa, kikubali, na anza kuuliza nyumbani kabla ya kuuliza ng'ambo. Popote utakapokwenda, hakikisha yupo mtaalamu hapa nchini anayekungoja na anayejua jina lako. Usiuze shamba kwa ajili ya ahadi ya wakala. Upasuaji ni wa saa chache. Tumbo utakaloamka nalo ni la miaka yote iliyosalia, na miaka hiyo utaiishi hapa hapa, kwenye mpunga, kakao na mvua zetu.